Picha Kumi na Tano Nzito

Mzee Arne Tollefsrud alikutwa ameketi kwenye benchi la uani kwake, Coon Rapids, Minnesota, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa mezani. Amevaa suruali ya kulalia na ndara moja. Theluji imemjaa mabegani. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, Jumamosi ya tatu ya Desemba 1999, na mzee alikuwa ameshaganda.

Inspekta Jotham Lumbasi alimmulika kwa tochi, akashusha pumzi. Miaka ishirini na tatu tangu atoke Bungoma kuja kusoma, na maiti ya baridi bado ilimuudhi kuliko zote. Aliyeuawa kwa kisu hukuambia saa. Aliyeuawa na baridi hakuambii kitu.

"Amekufa saa ngapi?" akamwuliza daktari wa uchunguzi wa maiti.

"Kati ya saa tisa alasiri na sasa hivi."

"Hilo si jibu, daktari. Huo ni mchana mzima."

"Baridi ndiyo iliyokula hesabu, Inspekta. Si mimi."

Ndani, mlango wa nyuma ulikuwa na kengele ya kulia kila unapofunguliwa, kwa sababu akili za mzee zilikwishaanza kumtoka na miguu yake ilipenda kuzifuata. Kengele ilikuwa imezimwa. Kwenye swichi palikuwa na alama za vidole za kila aliyewahi kufanya kazi humo, zimepandana kama nyayo mbele ya mlango wa kanisa. Jotham akazitazama, akasonya.

Sebuleni alikaa Jeremiah Ongeri, mlezi wa zamu ya jioni, ndiye aliyepiga simu polisi. Kijana wa miaka thelathini, suti ya sherehe chini ya koti zito.

"Umefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi, Inspekta. Nikaita mzee, kimya. Nikaona mlango wa nyuma uko wazi."

"Ratiba hii ukutani inasema zamu yako inaanza saa tisa."

"Nilikuwa na party ya sister yangu Peris, ame-graduate unesi. Iko Blaine, mji wa jirani. Nilimpigia Blandina wa zamu ya asubuhi Ijumaa nikamwomba anikavie zamu mpaka saa kumi na mbili. Akasema sawa. Sasa nakuta ameenda, amemwacha mzee peke yake!" Akafunika uso kwa viganja. "Sijui alikuwa anafikiria nini huyo dada."

"Kuna wa kuthibitisha ulikuwa kwenye sherehe?"

"Watu sitini, Inspekta. Na picha iko. Saa kumi kamili nikilishwa keki."

*

Blandina Massawe aliletwa kituoni usiku uleule. Mama wa miaka arobaini na miwili, Mtanzania, mfupi, mtulivu, kitambaa kichwani. Asubuhi ya Jumapili, saa ambayo angekuwa kanisani, alikuwa amekaa mbele ya Jotham na kikombe cha chai asichokigusa.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Mama Blandina, uliondoka kwa mzee saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi. Jeremiah alipokuja kunipokea."

"Yeye anasema hakuja."

"Alikuja. Alikuwa na suti. Nikamwambia mzee ameshakula, ameshakunywa dawa, kengele imewashwa. Akaniambia, nenda dada, barabara zinateleza."

"Alikupigia Ijumaa?"

"Alinipigia. Aliniuliza kama naenda kwenye sherehe. Nikamwambia siendi, nina maombi na wenzangu Minneapolis."

"Hakukuomba ubaki mpaka saa kumi na mbili?"

"Hakuniomba."

Jotham akasukuma daftari la makabidhiano mezani. Katika mstari wa Jumamosi palikuwa na saini moja tu, ya Blandina. Nafasi ya mpokeaji ilikuwa tupu.

"Saini yake iko wapi?"

Mama yule akatazama chini. "Alisema atasaini akishavua viatu."

"Na wewe ukaondoka?"

"Inspekta, ni ndugu katika imani. Tunashiriki meza moja. Ningesimama mlangoni nimwambie, tia saini ndipo niondoke, kama mwizi? Niliona aibu."

"Aibu!" Jotham akapiga meza hata chai ikaruka. "Mama, hii aibu yetu itatufunga wote! Kazini pana karatasi, karatasi ina mstari, unasaini! Nani alikuona ukitoka?"

"Mungu."

"Na mwingine?"

"Nilitembea dakika arobaini mpaka kituo cha basi. Baridi ile, nani angekuwa nje?"

"Basi je? Dereva?"

"Lilikuwa limejaa. Sina picha, sina tikiti, Inspekta. Nilichonacho ni hicho nilichokuambia."

Luteni wa Jotham, Mmarekani mpole asiyependa mambo marefu, alimngoja koridoni. Sheria iliwapa muda mpaka Jumanne adhuhuri: ama mama yule ashtakiwe, ama aachiwe. Simu ya Ijumaa ilikuwa kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu. Saini moja ilikuwa kwenye daftari. Mashahidi sitini walikuwa upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na mama mmoja na Mungu wake. Akipatikana na hatia atafungwa, kisha atarudishwa kwao, na watoto watatu anaowasomesha Moshi watajua habari kwa simu ya jirani.

"Mimi ningemshtaki leo," alisema Luteni.

"Nipe mpaka Jumanne."

"Kwa nini?"

Jotham hakuwa na sababu. Alikuwa na shaka tu, kwa sababu mwongo hupanga maneno yake vizuri, na yule mama hakuwa amepanga lolote.

*

Jumapili alasiri aliwahoji waalikwa mmoja mmoja, sebuleni mwao, kwa chai na mandazi asiyoyataka. Daftari lake likajaa neno moja.

"Jeremiah alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Saa nane?"

"Alikuwepo. Tulikuwa meza moja."

"Saa kumi?"

"Si nimekuambia alikuwepo?"

"Ulimwona saa kumi kwa macho yako?"

"Inspekta, mtu alikuwa kwa party ya sister yake. Angekuwa wapi tena? Ndiye alikuja kubeba viti mwisho."

Mama Joan Kerubo, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, ndiye aliyemchosha kabisa. Mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na programu ya sherehe alikuwa bado nayo mkobani.

"Kila kitu kilienda kwa saa, Inspekta. Kasoro huyo Sebastian na kamera yake."

"Sebastian ni nani?"

"Mpiga picha. Ni Mtanzania, Mtanzania wa maringo. Kamera ya kidijitali mpya, amechukua mkopo benki. Basi anapiga picha kumi na tano, anasema kadi imejaa! Watu sitini, picha kumi na tano! Nikamwambia, bwana, kwetu mtu haondoki kwa sherehe bila kulishwa keki na kupigwa picha akilishwa. Leo ukimruka mmoja, kesho ni vita. Punguza hizo picha zako, ziwe ndogo, ziingie zote!"

"Akapunguza?"

"Akanung'unika kama bibi arusi aliyelazimishwa. Lakini alipunguza."

Jotham aliandika hilo bila kulitilia maanani, akaaga. Alikuwa na kichwa kikimuuma.

*

Jumatatu asubuhi alimkuta Sebastian Temba kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Blaine, kati ya mashine ya kufulia na kompyuta kubwa. Mtu mwembamba, mstaarabu, aliyekwisha kumwandalia diski.

"Picha zote mia moja na thelathini zimo humo, Inspekta. Nimezipa majina. Meza ya kwanza, meza ya pili, familia, kanisa."

"Umezipa majina? Namba za kamera ziko wapi?"

"Nimezifuta, ziwe nadhifu."

"Na saa? Kamera haiandiki saa?"

Sebastian akakohoa. "Inaandika. Ila betri inakufa haraka kwenye baridi, na kila nikibadili betri saa inarudi Januari mosi, usiku wa manane. Nilibadili mara nne."

"Yaani una Januari mosi nne katika mchana mmoja."

"Kwa bahati mbaya."

Jotham akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu, akayafumba macho. Halafu akaomba aone picha ya Jeremiah.

Hiyo hapo. Peris, joho la mahafali na tabasamu, akimlisha kaka yake kipande cha keki. Nyuma yao dirisha, jeupe pe, kama shuka lililoanikwa. Picha ingeweza kuwa ya saa saba au ya saa kumi. Jotham akazipitia nyingine akitafuta uso wa Jeremiah katika umati wa wakati keki kubwa inakatwa. Palikuwa na mwanamume mwenye suti nyeusi kule nyuma, karibu na mlango.

"Huyu ni nani? Mkuze."

Sebastian akamkuza. Uso ukageuka vigae, mraba wa kahawia, mraba wa kijivu, mraba wa kahawia.

"Mkuze zaidi."

"Nikikuza zaidi utaona vigae vikubwa zaidi."

"Kamera ya mkopo wa benki, na haiwezi kuniambia kama huyu ni mtu au ni kabati?"

Hapo Sebastian alipandwa na hasira ambayo ni wazi alikuwa ameibeba tangu Jumamosi. "Usiniambie mimi! Mwambie Mama Joan! Kamera hii ina namna mbili za kuweka picha. Ya kwanza ni picha ghafi. Inatunza kila mwanga ulioingia, haitupi hata punje, lakini ni nzito. Kumi na tano tu, kadi imejaa. Ya pili ni picha iliyobanwa. Kamera inatazama, inasema hiki si muhimu, hiki hakionekani, inatupa, inabana kilichobaki. Nyepesi, zinaingia mia na zaidi. Lakini kilichotupwa kimetupwa! Nilimwambia mama yule, leo unaona zote sawa, siku moja mtu atataka kuangalia vizuri. Akaniambia, nani ataangalia vizuri picha ya kula keki?"

Jotham aliinua kichwa polepole.

"Ngoja. Ulianza na zipi?"

"Ghafi. Mpaka kadi ilipojaa na mama yule akanijia juu. Nikaihamishia kadi yote kwenye kompyuta ndogo, nikairudisha tupu. Tangu hapo mpaka mwisho ni zilizobanwa tu."

"Alikujia saa ngapi?"

"Yeye ndiye anayejua saa. Mimi nilikuwa nafokewa."

Jotham akampigia Mama Joan kwa simu ya Sebastian. Jibu lilikuja kabla hajamaliza swali: saa nane u nusu kamili, mchungaji alikuwa anasimama kufungua Neno, na yeye alimfokea Sebastian kwa kunong'ona ili asiharibu maombi. Ameandika pembeni ya programu.

"Sasa," Jotham alimwambia Sebastian, "hii ya Jeremiah akilishwa keki. Ni ghafi au imebanwa?"

"Humo kwenye diski zote zimebanwa. Nilizigeuza zilingane, watu waweze kuzituma kwa barua pepe."

"Sebastian!"

"Lakini ghafi zenyewe sijazifuta! Nani anafuta picha ghafi? Mimi si mwendawazimu." Akafungua droo, akatoa diski nyingine iliyofungwa kwa kitambaa laini kama kitu cha madhabahuni. "Hakuna aliyewahi kuniomba hizi. Wewe ni wa kwanza."

Kompyuta ilihangaika dakika nzima. Kisha zikajipanga. Kumi na tano, kila moja nzito mara nane ya zile nyingine. Ya tisa ilikuwa Peris na Jeremiah.

Kwa hiyo haikuwa ya saa kumi. Ilipigwa kabla ya saa nane u nusu. Jeremiah alilishwa keki mapema kuliko watu wote.

"Na picha zilizobanwa?" Jotham aliuliza. "Za kulishwa keki saa kumi. Hesabu watu."

Wakahesabu pamoja, meza kwa meza, Sebastian akitaja majina. Waalikwa wote walikuwamo, wamefungua vinywa kama makinda. Jeremiah hakuwamo.

"Anaweza kusema alishalishwa, kwa nini alishwe tena," Jotham alijisemea. "Atasema alikuwa kachelewa chooni. Atasema lolote." Akaitazama tena ile picha. "Hili dirisha nalo, mbona jeupe hivi?"

"Hilo jeupe ni kwenye ile niliyoibana. Theluji nje, jua, mwanga umezidi, ikatupa. Kwenye ghafi umo bado. Nikiushusha hivi..."

Akaushusha. Shuka jeupe likaanza kuwa kijivu, kijivu kikapata mistari. Ikatokea barabara. Ukatokea ukingo wa theluji. Likatokea gari jekundu lenye bonde ubavuni, limeegeshwa likitazama barabara, na nyuma yake wingu la moshi mweupe likitoka kwenye bomba.

"Gari la Jeremiah," alisema Sebastian. "Linawaka. Halina mtu."

Hakuna Mkenya wala Mmarekani wa Minnesota asiyeijua picha ile. Desemba huwashi gari likanguruma tupu kwa raha. Unaliwasha lipate joto, dakika kumi, kwa sababu unaondoka.

*

Alimpata Peris kwanza, nyumbani kwake, bado maua ya mahafali yako mezani. Hakuketi.

"Ulimlisha kaka yako keki kabla ya wengine. Kwa nini?"

"Nililisha watu wengi, Inspekta. Siwezi kukumbuka."

Jotham akaweka picha mezani. Peris akaitazama keki, akautazama uso wa kaka yake, halafu dirisha. Kidole chake kikasimama juu ya lile wingu la moshi.

"Peris, kuna mama yuko ndani tangu Jumamosi. Kesho saa sita wanamshtaki kwa kifo cha mtu. Wewe juzi umevaa joho, umekula kiapo cha kulinda wagonjwa."

"Ni brother yangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi sikusema uongo. Waliniuliza kama nilimlisha keki, nikasema ndiyo. Hakuna mtu aliniuliza saa."

"Mimi nauliza."

Machozi yakamshuka kabla ya maneno. "Alisema anakimbia shifti ya saa tisa. Nikamkatia kwa keki ndogo ya watoto ili asiondoke hivyo. Akarudi saa kumi na moja na nusu, akabeba viti. Nikajua amepata mtu wa kumkavia. Jioni aliponiambia niseme alikuwepo wakati wote... Inspekta, huyo ndiye amenisomesha. Kazi tatu, miaka minne."

*

Jeremiah aliletwa chumba cha mahojiano Jumatatu saa kumi. Alikuja na uso wa mtu aliyechoka kuulizwa. Jotham alimwacha arudie maelezo yake yote: simu ya Ijumaa, sherehe, keki saa kumi. Kisha akazipanga picha mbili mbele yake, iliyobanwa na ghafi.

"Ni picha moja, si ndiyo?"

"Ni moja."

"Hii ya kwanza ndiyo uliyoitegemea. Dirisha halina kitu. Hii ya pili ni jinsi kamera ilivyoona. Gari lako lilikuwa linapashwa joto kwenda wapi kabla ya saa nane u nusu?"

Jeremiah akaangalia picha, akaangalia mlango.

"Nililiwasha tu betri isife."

"Peris ameandika maelezo."

Mabega ya koti lake yakaanguka, kama nguo inayotoka kwenye kiango.

"Nilifika saa tisa," alisema Jeremiah. "Blandina alinikabidhi vizuri. Sina neno na yeye."

"Halafu?"

"Sikuwa nimelala tangu Alhamisi. Usiku nasafisha ofisi, asubuhi niko hospitali kwa mochwari, jioni niko kwa mzee. Ile kengele, kila mzee akigusa mlango inalia, na anagusa mlango mara ishirini. Nikaizima. Nikasema nilale saa moja tu kwa kiti."

"Ukaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasorobo. Nikasikia baridi miguuni. Mlango wazi."

"Kwa nini hukupiga simu pale pale?"

"Kazini walishanikamata nikilala mara mbili. Walisema ya tatu, nafukuzwa, na barua inaandikwa. Mimi niko hapa kwa karatasi za kazi hiyo. Na January ilikuwa zamu yangu sasa kuanza unesi. Peris amemaliza, tulikubaliana, akimaliza yeye naanza mimi. Miaka minne nangoja zamu yangu, Inspekta. Nikafikiria, Blandina hajachukua saini yangu. Kwa karatasi, mimi sijafika. Nikarudi Blaine."

"Ukamwachia mama wa watu mzigo wa maiti."

"Nilijua hatapigana. Yeye ni mtu wa kunyamaza."

Jotham aliandika. Alimhurumia na alitaka kumtikisa, yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuna fomu ya polisi yenye nafasi ya hayo. Lilibaki swali moja, lile ambalo daktari alishindwa kulijibu.

"Jeremiah. Saa kumi na moja kasorobo, ulipotoka uani. Mzee alikuwa amekufa?"

Jeremiah akaigeuza ile picha ghafi kifudifudi.

"Nimekuuliza."

"Alikuwa amekaa kwa benchi."

"Amekufa?"

"Aligeuza kichwa." Jeremiah alikuwa akiongea na meza sasa. "Siku nyingi alikuwa amesahau jina langu. Ananiitanga kwa jina la mtoto wake. Siku hiyo akaniita Jeremiah. Akasema, Jeremiah, nishike mkono, twende ndani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, nakuja."

Kalamu ya Jotham ilisimama.

"Kisha?"

"Nikaenda kuwasha gari."